Kwanini tusilete ndege za maji Ziwa Victoria? Someni kwanza habari ya Cavalier, 1939

Kasia_Moja

Wakuu salaam. Kila ikitajwa ile ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022 (ndege ya abiria ya Precision Air, aina ya ATR, iliyoingia Ziwa Victoria) lazima atokee mtu aandike "ingekuwa ndege yenye maboya ingeelea tu watu wangetoka wanacheka", na juzi nimeikuta tena kwenye uzi mwingine imegongewa like za kutosha. Nikasema leo naandika hata kama hamsomi.

Ndege ya maji sio boti. Inaelea ndio, ila inaelea kwenye maji yaliyotulia. Maji yakichafuka ile ni ndege iliyokaa mahali pabaya.

Sasa twende Januari 1939. Imperial Airways ya Uingereza walikuwa na ndege kubwa za kutua majini, injini nne, sakafu mbili, tumbo lenyewe limechongwa kama jahazi. Hizi hazikuwa na maboya mawili chini, mwili wenyewe ndio boti, halafu huku kwenye ncha za mabawa kuna viboya vidogo vya kuizuia isilale upande. Zilitengenezwa 42 tu. Na msione ni habari za wazungu huko mbali, ndege za aina hii hii ndizo zilizoanza kupita kwetu 1937, zinatoka Southampton, zinashuka na Nile, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam pale bandarini, Lindi, mpaka Durban. Lindi ya leo ukitaka kwenda kwa ndege unahangaika, babu zetu walikuwa wanaiona inatua baharini.

Moja iliitwa Cavalier. Hii ilipangiwa njia ya New York kwenda Bermuda. Tarehe 21 Januari imeruka na watu 13, abiria 8 na wafanyakazi 5. Njiani ikaingia kwenye mawingu mabaya, na kabureta zikaanza kuganda barafu.

Hapa fundi yeyote wa bodaboda atanielewa. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inavuta joto, ndio maana ukiigusa kabureta ya injini ya zamani inayounguruma asubuhi unaikuta imetoa jasho la baridi. Sasa peleka hiyo kabureta juu kwenye wingu lenye unyevu na baridi, lile jasho linakuwa barafu, koo linaziba, injini inakosa pumzi. Injini mbili za ndani zikafa kabisa, mbili za nje zikabaki zinakohoa. Rubani akawa hana namna, ashuke.

Na hapo ndio mtu anasema si ni ndege ya maji bwana, ashuke tu! Ameshuka. Katikati ya Atlantiki, saa 7 na kitu mchana, bahari imechafuka. Tumbo likapasuka. Dakika kama 15 tu dude lote limezama. Neno la mwisho kwenye redio lilikuwa "tunazama".

Watu wakabaki majini na vifaa vichache vya kujishikiza, wakakusanyika pamoja wanashikana wasitawanyike na mawimbi, wanawake wakiwemo. Masaa kumi hivi. Hesabu mwenyewe, kutoka mchana mpaka karibu saa 6 ya usiku. Kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopita upande ule wa Atlantiki, bila huo Januari ile wasingefika hata magharibi. Ikaja meli ya mafuta, Esso Baytown, ikawaopoa 10. Watatu walikuwa wameshaondoka, abiria wawili na mhudumu mmoja wa ndege.

Nitaendelea, naenda kula.

Mzee wa Kemondo

Ngoja niweke kiti hapa. Mkuu kumbe Lindi kulikuwa na uwanja wa ndege wa majini na mimi nimesoma Lindi sekondari miaka minne hakuna mwalimu aliyeniambia.

chuma_cha_mjerumani

Mleta mada stori nzuri ila umejipiga mwenyewe. Watu 13 wametua katikati ya bahari wamepona 10. Bukoba walikuwa 43 wamepona 24, tena nchi kavu unaiona kwa macho. Sasa ipi bora? Hebu tuwe wakweli. Leteni ndege za maji.

Kasia_Moja

@chuma_cha_mjerumani nilijua utakuja. Bukoba ile ATR ilikuwa inatafuta uwanja kwenye hali mbaya ya hewa ikaingia majini kabla ya uwanja. Hata ingekuwa na maboya, ukiyapiga maji hujajipanga unavunjika. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Ukiwa na kasi ya ndege yale sio maji tena, ni zege lenye matuta.

Na matuta ndio mada yenyewe. Ndege ya maji ikitua inateleza juu juu kama jiwe bapa mnalorusha watoto mtoni. Maji yakiwa na kiwimbi kidogo cha upepo ni safi, tena marubani wanakipenda. Ila ikikutana na wimbi refu, lile lililotoka mbali, inapanda mgongo wa wimbi inarushwa juu kabla haijaisha kasi, inarudi chini imeinua pua, inapiga, inarushwa tena, kila mruko mkubwa kuliko uliopita. Kama pomboo. Mruko wa tatu au wa nne pua inaingia ndani ya wimbi la mbele na hapo boya linang'oka au ndege inapinduka kifudifudi. Rubani mjuzi akiona limeanza anatoa kasi mapema au anaondoka upya, akianza kushindana nalo kwa usukani ameisha.

Ndio maana wanafundishwa ukilazimika kutua penye mawimbi marefu tua sambamba na mgongo wa wimbi, usilikabili kwa pua. Sasa ukute upepo nao unakuja kwa ubavu... chagua mwenyewe ufe na lipi.

Nahodha Mstaafu

Nakazia hapo kwa mleta mada. Mimi nimekaa baharini miaka 31, majahazi na baadae meli ndogo za mizigo, ndege siijui lakini bahari naijua. Watu wa bara mnadhani wimbi ni wimbi. Kuna wimbi la upepo wa leo, hili ni fupi, lina povu, linapiga kelele, na upepo ukilala na lenyewe linalala. Na kuna wimbi lililozaliwa huko mbali siku mbili nyuma, halina kelele, huna upepo hata wa kutikisa tanga na bado chombo kinapanda na kushuka. Ukilitazama kutoka juu kwa juu unasema bahari shwari. Hilo la pili ndio baya kwa kitu kinachokuja kwa kasi. Kusi ikishika mwezi wa sita na wa saba nje ya mwamba unakuwa na yote mawili na hayaendi upande mmoja. Huko hata sisi tulikuwa tunasubiri.

Kasia_Moja

@Nahodha Mstaafu shikamoo mzee. Umeeleza vizuri kuliko mimi. Na cha ajabu mzee, maji yakitulia kabisa kama kioo nayo ni hatari kwao, kwasababu rubani hajui yuko urefu gani kutoka majini, anaona mbingu mara mbili. Wengi wamejipigiza hapo wakidhani bado wana mita kumi. Wanafundishwa kushuka taratibu bila kutegemea macho, au kutua karibu na ufukwe ili wapate kitu cha kupimia.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Hilo la kioo limenifurahisha.

onyango_wa_dunga

Wadau mimi ni wa Kisumu. Hizo ndege ni ukweli mtupu, babu alikuwa anatuambia vile walikuwa wanatoka mbio shuleni kwenda kuangalia ikishuka kwa gulf. Na baadae hata Naivasha, BOAC, shirika la ndege la Uingereza, walikuwa wanatua na ndege za maji za Solent pale ziwani, abiria wanashuka na boti halafu wanabebwa na basi kupelekwa Nairobi, hiyo iliisha 1950. Nani ashawahi enda Naivasha saa tisa mchana aniambie hilo ziwa vile linabadilika? Asubuhi kioo, mchana upepo unatoka unapiga boti mpaka wenye wanapeleka watalii kuona viboko wanarudi. Sasa Nam Lolwe (Ziwa Victoria) yenyewe ni kama mara mia nne na kitu ya Naivasha.

Binti_Nansio

Jamani na magugu maji? Na nyavu? Huku kwetu Ukerewe usiku ukitazama ziwani ni taa za dagaa mpaka unadhani kuna mji. Hiyo ndege itatua wapi, juu ya mtumbwi wa mjomba wangu?

chuma_cha_mjerumani

Maldives wanafanyaje? Nchi nzima wanapanda ndege za maji kama daladala na wako katikati ya Bahari ya Hindi hii hii. Acheni kutisha watu.

Kasia_Moja

Swali zuri. Maldives ndio wenye kundi kubwa kuliko wote duniani, zile Twin Otter, rubani peku peku kabisa na kaptula. Ila angalia wanatua wapi, ndani ya miamba. Visiwa vyao vimezungukwa na mwamba, mawimbi marefu yanavunjikia nje, ndani ni bwawa la bluu. Na wanaruka mchana tu, jua likizama kazi imeisha. Mgeni akifika na ndege ya usiku analala Malé au anapanda boti. Wewe Bukoba mwamba wako uko wapi?

Tena hata maji yanayojulikana yanageuka. Tarehe 7 Januari 2025 kisiwa cha Rottnest huko Australia Magharibi, Cessna Caravan yenye maboya ilikuwa inaruka, sio inatua, watu 7 ndani. Wamekufa 3 akiwemo rubani, mbele ya watalii waliokuwa ufukweni.

Mangi_Fundi

Mkuu swali la kitaalam kidogo, hayo maboya yenyewe ndani kuna nini, povu au hewa tu? Na likitoboka?

Kasia_Moja

Hewa, ila yamegawanywa vyumba. Kanuni ya Marekani kwa ndege ndogo ni maboya yote kwa pamoja yaweze kubeba uzito wa ndege na asilimia 80 juu yake, na usizame hata maji yakiingia kwenye baadhi ya vyumba; mpaka 2017 ilitaja kabisa kila boya liwe na vyumba visivyopitisha maji visivyopungua vinne. Na yanavuja, yote yanavuja kidogo kidogo kwenye ribiti. Kila asubuhi kabla ya kuruka rubani anatembea juu ya boya na pampu ya mkono, anachomoa kizibo cha chumba cha kwanza, anapiga pampu, anahesabu, anarudisha kizibo, anaenda cha pili mpaka mwisho, anahamia boya la upande wa pili. Jana chumba cha tatu kilitoa mipigo mitano, leo kimetoa ishirini, hapo anajua kuna jambo. Mimi nikiona rubani hajapiga pampu sipandi, ningekuwa na uwezo wa kupanda.

Mangi_Fundi

Hahaha sawa sawa na sisi kupima oili asubuhi.

Dr_wa_Mtaa

Mnaongelea ndege, mimi naona mnaruka kitu. Wengi hawafi na kishindo, wanakufa na maji. Nendeni Comoro 1996, tarehe 23 Novemba, ile Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa ikaishiwa mafuta ikatua baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Walikuwa 175 wamepona 50. Kuna walionusurika kishindo kile, lakini walikuwa wameshajaza upepo jaketi zao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia jaketi zikawapandisha darini, mlango uko chini yao, huwezi kupiga mbizi na boya kifuani. Ndugu zetu wa Comoro na watalii ndio waliingia na boti kuokoa, wakiwemo madaktari waliokuwa hotelini hapo likizo.

Kasia_Moja

@Dr_wa_Mtaa ndipo nilipokuwa naelekea, asante daktari.

Hii ndio sababu hasa ya kuandika uzi. Tunabishana ndege ya aina gani iletwe, hakuna anayeuliza watu watatokaje. Ndege yenye maboya ikipinduka inapinduka kabisa, kichwa chini, kwasababu injini na mabawa viko juu na maboya yanataka kubaki juu ya maji. Wewe uko ndani unaning'inia kwenye mkanda, giza, maji baridi yanaingia puani, kushoto kumekuwa kulia. Mtu wa kawaida anafanya nini? Anafungua mkanda. Akifungua tu anaanza kuelea humo ndani hajui mlango uko wapi tena. Wanaofundishwa wanaambiwa hivi: mkono mmoja shika kitu cha mlango au dirisha na usiachie hata iweje, subiri mtikisiko uishe, fungua mlango, NDIPO ufungue mkanda, na ujivute kwa ule mkono ulioshika. Mkanda ni wa mwisho. Jaketi unajaza upepo ukishatoka nje.

Novemba 29 2009 kisiwa cha Saturna, magharibi ya Canada, Beaver yenye maboya imeruka ikaanguka ghubani, watu 8. Rubani na abiria mmoja wametoka. Sita wamezama humo humo ndani, kuna mtoto mchanga. Milango ilikunjika ikakwama. Wachunguzi wakapendekeza milango na madirisha yanayong'oka haraka na abiria wavae jaketi wakiwa wameketi, sio ikae chini ya kiti. Ya jaketi ikaja kuwa sheria 2019, miaka kumi! Na marubani nao wakatakiwa wapitie mafunzo ya kutoka ndani ya maji.

Turudi kwa Cavalier. Ripoti ilitoka Machi 1939, miezi miwili tu. Wakasema barafu kwenye kabureta, waboreshe joto la kuzipasha. Na kingine wakasema abiria waonyeshwe namna ya kuvaa vifaa vya kuelea na milango ya dharura iko wapi. Ile maigizo ya wahudumu mnayoichezea simu wakati wanaonyesha, mizizi yake iko kwa watu kama hawa waliokaa saa kumi majini.

chuma_cha_mjerumani

Sawa hapo umenishika kidogo. Nakiri huwa siangalii. Lakini bado sijakubali yote, Hudson 2009 ndege ya kawaida kabisa imetua mtoni wamepona wote 155.

Kasia_Moja

Mto! Hauna wimbi, mchana, na vivuko vya abiria viko pale pale vikafika ndani ya dakika chache. Hapo unaniunga mkono bila kujua. Bukoba nani alifika wa kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao, yule kijana mvuvi Majaliwa, aliyesifiwa kufungua mlango wa ndege kwa kasia, na wenzake. Ubishi wa nani alifungua mlango siuingii, lakini waliofika kwanza ni hao.

Muzalendo_Bunia

Mimi niko Bunia, nasoma nanyamaza lakini hapa lazima niongeze. Munasahau Corsair! Ndege dada ya hiyo Cavalier, Machi 1939 ile ile. Ilitoka Port Bell inaenda Juba, chombo cha kuonyesha njia kikadanganya, wakapotea mpaka kwetu Congo, mafuta yanaisha, rubani akaona mto mdogo Dungu karibu na Faradje akatua humo. Mto mwembamba! Ikagonga jiwe ikatoboka, hakuna aliyekufa. Kuitoa ilichukua miezi kumi hivi. Waliitengeneza, wakajaribu kuirusha ikagonga jiwe tena. Ikabidi wazibe mto maji yajae ndipo ikaruka Januari 1940. Kijiji cha wafanyakazi kikaitwa Corsairville. Rubani aliyeitua alikuwa ndugu wa yule Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege 1919.

Mzee wa Kemondo

Duh! Ndege inazibiwa mto. Uzi umekuwa mtamu ghafla.

onyango_wa_dunga

Hiyo ya Faradje nani aliziba mto, wazungu ama watu wetu?

Muzalendo_Bunia

Wewe unajua jibu ndugu.

Kasia_Moja

Asante sana ndugu wa Bunia, hiyo nilikuwa naihifadhi ya uzi mwingine umeniwahi 😂

Wakuu msinielewe vibaya, mimi sio kwamba sitaki ndege za maji ziwani. Zikija asubuhi kabla upepo haujaamka, zitue kwenye ghuba zilizojikinga, sehemu iwekewe maboya ya alama mitumbwi isiingie, na boti ya uokoaji ikae pale injini ina mafuta na mtu yupo, sio funguo ziko kwa bosi na bosi yuko semina. Hapo nitapanda na nauli nitakopa.

Binti_Nansio

Boti ya uokoaji yenye mafuta, kaka unaota. Wiki iliyopita nimevuka na boti ya abiria, sitaitaja, ziwa limechafuka mama mmoja pembeni anasali kwa kijita, nimesoma huu uzi nikiwa humo humo nikaamua kuvaa jaketi okozi watu wakinicheka. Kuivaa nikakuta mkanda hauna kifungo.

Nahodha Mstaafu

Mkanda wa kiuno au ule wa kupita katikati ya miguu binti yangu? Wa miguu ukikosekana jaketi inapanda usoni ukiingia majini, inabaki yenyewe na wewe unashuka.

Binti_Nansio

Shikamoo mzee. Wa miguu haukuwepo kabisa. Wa kiuno ndio huo usio na kifungo, nikafunga fundo. Konda akanifuata tulipofika Nansio akaniambia dada fungua fundo, huo mkanda tunautumia kufungia turubai.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Ulifunga fundo gani?

Binti_Nansio

La kiatu mzee 🙈

Nahodha Mstaafu

Njoo inbox nikufundishe.